Hewa tunayovuta na angahewa inayotufunika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefundisha sayansi sekondari kwa muda, na maswali ya hewa ndiyo yasiyoisha: yanaanzia darasani, yanaendelea kwenye daladala na kumalizikia sebuleni kwa shemeji. Hapa nimejibu yale yanayorudi kila mara, bila kufuata mpangilio wa kitabu. Mengine yanahitaji maelezo marefu, mengine mistari michache inatosha.

Hewa na gesi ni kitu kimoja?

Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya kidogo. Tunasema "hewa ya oksijeni" na "hewa ukaa" kana kwamba kila kisichoshikika ni hewa, na mtu akisikia "gesi" anachokumbuka kwanza ni mtungi wa jikoni. Kwenye majibu haya, gesi ni hali ya kitu, kama vile kulivyo na yabisi na kimiminika. Hewa ni mchanganyiko wa gesi kadhaa unaoizunguka dunia. Upepo ni hewa hiyo hiyo ikitembea. Angahewa ni hewa yote kwa pamoja, kuanzia ufukweni hadi kule inakopotelea kwenye utupu.

Basi hewa ina nini ndani yake?

Ukiikausha mpaka isibaki na unyevu, kwa ujazo utakuta naitrojeni asilimia 78.08, oksijeni 20.95 na agoni 0.93. Hizo tatu peke yake zinafika 99.96. Katika kipande kile kidogo kilichobaki ndimo walimojibana wengine wote: kaboni dioksaidi (ile hewa ukaa), ambayo sasa imepita molekuli 420 katika kila molekuli milioni moja za hewa, neoni, 18 katika milioni, heli, 5, methani, karibu 2, kriptoni, 1, hidrojeni, nusu.

Kwa nini tuikaushe kwanza? Kwa sababu mvuke wa maji hauna kiwango kimoja. Jangwani au kwenye baridi kali karibu haupo. Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Machi, shati likiwa limegandana na mgongo kabla ya saa tatu asubuhi, unaweza kufika asilimia 3 ya hewa yote. Wanasayansi wanauweka pembeni ili jedwali la Mombasa lifanane na la Nairobi, lakini mawingu, mvua, ukungu na umande vyote vinatokana na mvuke huo. Halafu kuna vumbi, moshi, chavua na chumvi ya bahari. Hizi si gesi, ila bila punje za namna hiyo matone ya wingu yangekosa pa kuanzia.

Kama tunavuta hewa kwa ajili ya oksijeni, naitrojeni yote hiyo ya nini?

Mapafu yako huipokea na kuirudisha kama ilivyoingia. Faida yake ya kwanza ni kwamba inaizimua oksijeni. Kwenye hewa yenye oksijeni nyingi zaidi ya hii tuliyonayo, cheche ya jiko ingetosha kuteketeza kijiji.

Faida ya pili iko shambani. Kila mmea unahitaji naitrojeni ili ujenge protini, lakini iliyo hewani imefungamana mbili mbili kwa nguvu kiasi kwamba mhindi unaweza kunyauka kwa kuikosa huku umezungukwa nayo pande zote. Wanaoweza kuivunja ni wachache. Radi ni mmoja wao: joto lake huunganisha naitrojeni na oksijeni, kisha mvua huzishusha ardhini kama mbolea. Kwa Afrika, sehemu inayopigwa na radi kuliko zote iko mashariki mwa Kongo, upande wa Kabare karibu na Ziwa Kivu. Wa pili ni bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, mbaazi, maharage na karanga. Bibi zetu waliochanganya mahindi na kunde hawakuhitaji kuelezwa. Wa tatu ni kiwanda: tangu mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch walipobuni njia ya kutengeneza amonia kutokana na naitrojeni ya hewa, mfuko wa urea unaouzwa dukani ni hewa iliyogeuzwa kuwa punje nyeupe.

Agoni ni gesi gani, mbona haitajwi?

Hii ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote kwenye somo hili. Mwaka 1785 Mwingereza Henry Cavendish alichukua hewa, akaipiga cheche za umeme tena na tena huku akiondoa oksijeni na naitrojeni, mpaka kikabaki kiputo kidogo kisichokubali kuungana na chochote. Aliandika kwamba hakizidi sehemu 1 ya 120 ya naitrojeni aliyoanza nayo. Akaishia hapo, na watu wakasahau kwa miaka zaidi ya mia.

Kisha akaja Lord Rayleigh, aliyekuwa akipima uzito wa gesi kwa uangalifu wa sonara. Akaona naitrojeni aliyoipata hewani ni nzito kuliko ile aliyoitengeneza kutokana na amonia, kwa tofauti ya nusu asilimia tu. Mwingine angesema mizani ina hitilafu. Yeye alishirikiana na William Ramsay, na mwaka 1894 wakatangaza kwamba ndani ya hewa kumejificha gesi nzima ambayo hakuna aliyeijua. Wakaiita agoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu, kwa kuwa haiungani na kitu. Mwaka 1904 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel, Rayleigh ya fizikia na Ramsay ya kemia.

Agoni karibu yote iliyo hewani imetoka kwenye miamba: potasiamu ya aina fulani huoza polepole kwa mabilioni ya miaka na kugeuka agoni. Uvivu wake ndio unaompa kazi fundi wa kuchomelea, kwani anapounga bomba la chuma kisichoshika kutu huipuliza ili oksijeni isiguse chuma kikiwa kimeyeyuka.

Ni kweli hewa ina uzito? Mbona siuhisi?

Ina uzito, na si mdogo. Mita moja ya ujazo ya hewa karibu na bahari ina kilo 1.2 hivi. Chumba cha mita tatu kwa nne, chenye dari la mita tatu, kinabeba zaidi ya kilo 40 za hewa, yaani karibu mfuko wa saruji. Ukiihesabu hewa yote iliyosimama juu ya meza yenye eneo la mita moja ya mraba, uzito unafika tani kumi. Meza haivunjiki kwa sababu hewa iliyo chini yake inasukuma kwenda juu kwa nguvu hiyo hiyo, na mwili wako una mgandamizo wa ndani unaolingana na wa nje.

Anayeujua uzito huu kwa vitendo ni fundi wa visima. Pampu ya kuvuta, ile inayokaa juu ya kisima na kushusha bomba, haivuti maji kwa kweli. Inaondoa hewa ndani ya bomba, halafu uzito wa angahewa ndio unaoyasukuma maji yapande. Tani kumi kwa mita ya mraba ni sawa na maji ya kina cha mita kumi, kwa hiyo hata pampu ya bei mbaya namna gani haiwezi kupita hapo, na kwa kawaida huchoka kwenye mita saba au nane. Kisima kikiwa kirefu zaidi, fundi atakuambia ununue pampu ya kuzamisha, na hakudanganyi. Tatizo hili la mita kumi ndilo lililomfanya Mtaliano Evangelista Torricelli ajaribu zebaki badala ya maji katika miaka ya 1640. Zebaki ikasimama sentimita 76 juu ya chombo, na barometa ikawa imezaliwa.

Hewa yenye unyevu ni nzito kuliko hewa kavu, sivyo?

Wengi hujibu ndiyo, kwa kuwa fukuto la pwani hulemea. Ukweli ni kinyume chake. Kwa kipimo cha wanakemia, molekuli ya maji ina uzito wa 18, ya naitrojeni 28, ya oksijeni 32. Mvuke unapoingia huchukua nafasi ya walio wazito kuliko yeye. Unachokihisi kama uzito ni jasho lako kushindwa kukauka.

Wanasema juu ya Kilimanjaro oksijeni imepungua. Imeenda wapi?

Haijaenda popote. Ukipima hewa ya Kibo utakuta oksijeni ni asilimia 20.95 ile ile ya Tanga, na hali hubaki hivyo mpaka karibu kilomita 80 kwenda juu, kwa sababu upepo hukoroga mchanganyiko wote kama uji. Kinachopungua ni hewa yenyewe. Hewa inabanika: iliyo chini imebebeshwa ile iliyo juu, kwa hiyo molekuli zake zimesongamana. Kadiri unavyopanda ndivyo mzigo wa juu yako unavyopungua na molekuli zinavyoachana. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani. Unavuta pumzi ile ile, ujazo ule ule, lakini umeingiza nusu ya molekuli. "Pole pole" ya waongozaji si adabu ya Kiswahili kwa watalii tu, ni ushauri wa kitabibu.

Mwili ukipewa wiki kadhaa hujirekebisha kwa kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu. Ndiyo sababu wakimbiaji hukaa na kufanya mazoezi Iten, Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Maharage nayo yana mkasa wake: mgandamizo ukipungua maji huchemka mapema, hivyo kwenye kambi ya Barafu huchemka kwenye nyuzi 85 hivi na kileleni karibu 80. Yanatokota vizuri kabisa, na maharage hayaivi.

Mbona mlimani kuna baridi, wakati huko ndiko karibu na jua?

Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Hizo kilomita sita za Kilimanjaro si kitu. Jambo la kushika ni kwamba mwanga wa jua hupita kwenye hewa bila kuipasha sana, unaipasha ardhi, kisha ardhi ndiyo inayoipasha hewa kutoka chini. Jiko liko chini. Juu ya hapo, hewa inayopanda hutanuka kwa kuwa mgandamizo umepungua, na hewa inayotanuka hupoa. Shika mkebe wa dawa ya mbu unapoupuliza kwa muda, utausikia ukipoa mkononi.

Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Jaribu hesabu: Moshi mjini, mita 800 hivi, nyuzi 28. Kileleni ni kilomita 5.1 juu zaidi, zidisha kwa 6.5, unapata 33. Toa. Nyuzi 5 chini ya sifuri, mchana kweupe, na jua linawaka.

Angahewa ina matabaka mangapi, na nani aliyachora mistari?

Matano, na mistari imechorwa na kipimajoto. Ukipanda joto linashuka, halafu linageuka na kuongezeka, linashuka tena, linaongezeka tena; kila linapogeuka ndipo tabaka moja linapoishia. La chini ni tabakatropo, hadi wastani wa kilomita 12. Juu yake tabakastrato, hadi kilomita 50. Tabakameso hufika karibu 85. Tabakajoto huendelea kilomita mia kadhaa. La mwisho ni tabakanje, ambalo halina ukingo, linafifia tu. Waliosoma zamani huenda walifundishwa troposfia na stratosfia. Ni vitu vile vile.

Usidanganywe na mchoro wa kitabu unaoyapa matabaka yote unene sawa. Nusu ya hewa yote iko chini ya kilomita 5.5, na kama robo tatu au zaidi imo kwenye tabakatropo peke yake. Ukipita kilomita 30 umeshaacha asilimia 99 nyuma yako. Kama dunia ingekuwa chungwa, hewa hii tunayoitegemea ingekuwa nyembamba kuliko ganda lake.

Kwa nini wingu la radi huwa bapa kwa juu?

Umeliona jioni kutoka Mwanza au Bukoba: mnara mweupe unaopanda juu ya ziwa, halafu kichwa kinasambaa kama fuawe la mhunzi. Kile kichwa bapa kinakuonyesha mahali tabakatropo linapoishia. Hewa ya moto yenye mvuke hupanda kwa kuwa ni nyepesi kuliko jirani zake. Ikifika kwenye tabakastrato inakutana na hewa iliyo na joto kuliko yenyewe, inapoteza wepesi wake, na kwa kuwa haiwezi kupanda inatambaa pembeni. Kwa hiyo hali zote za hewa tunazozisikia kwenye taarifa, mvua za masika, kusi na kaskazi, zinachezwa chini ya dari hilo.

Dari lenyewe haliko sawa kila mahali. Kwenye ncha za dunia liko kilomita 8 au 9, kwenye ikweta linafika 16 hadi 18, kwani joto letu huitanua hewa na mawingu yetu huisukuma juu. Hapa historia yetu inaingia. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort alirusha zaidi ya maputo 200 karibu na Paris, na mwaka 1902 akatangaza kwamba juu ya kilomita 11 hivi baridi inaacha kuongezeka. Wengi hawakuamini. Je, na ikweta iko vile vile? Mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson alileta msafara wa maputo Afrika Mashariki, akayarusha juu ya Ziwa Victoria. Vipimo vikashuka hadi zaidi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, baridi kuliko ile ya Ulaya kwenye kimo kama hicho, kwa sababu huku kwetu joto lilikuwa na kilomita nyingi zaidi za kushuka kabla ya kugota kwenye dari. Mahali penye joto ardhini ndipo penye baridi kali zaidi juu yake. Nikiwaambia wanafunzi hivyo, kila mwaka hudhani nimekosea.

Maputo hayo aliyachunguza pia kwa upepo, akakuta kwamba juu sana, karibu kilomita 20, upepo ulikuwa unatoka magharibi. Maelezo yake yalikuja kupatikana nusu karne baadaye: upepo wa huko hugeuka mashariki na magharibi kwa zamu, mzunguko mmoja ukichukua miaka miwili na miezi kadhaa.

Tabaka la ozoni ndilo tabaka la ngapi?

Si tabaka la sita. Ni sehemu ya tabakastrato, kati ya kilomita 15 na 35, ambamo ozoni ni nyingi zaidi kuliko kwingine. Neno "nyingi" lisikupoteze: ozoni yote iliyo juu yako ikishushwa ufukweni na kubanwa kwa mgandamizo wa kawaida ingekuwa na unene wa milimita 3 hivi. Milimita hizo ndizo zinazozuia miale ya urujuanimno inayounguza ngozi na kuharibu macho. Na kwa kuwa zinameza miale hiyo, zinapata joto, ndiyo maana tabakastrato huwa na joto zaidi kadiri unavyopanda.

Lile tundu la ozoni lilizibwa?

Linaziba, polepole. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za friji na makopo ya marashi hupanda hadi tabakastrato, zikavunjwa na jua na kuachia klorini inayoila ozoni. Mwaka 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wakaonyesha kwamba juu ya Antaktika upungufu tayari ulikuwa mkubwa kila majira ya kuchipua ya huko. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Montreal, wa kuziondoa gesi hizo, ukasainiwa.

Fundi wa friji anaijua historia hii kwa namba. R12, gesi iliyokuwa kwenye friji za zamani, ndiyo mharibifu mkubwa. R22 ya viyoyozi ina madhara madogo zaidi, nayo inaondolewa. R134a haigusi ozoni, lakini hushika joto la dunia mara nyingi kuliko kaboni dioksaidi, na ndiyo sababu nchi zilikutana Kigali mwezi Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza gesi za kundi lake. Marekebisho hayo yanaitwa kwa jina la mji huo. Kwa tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2022, ozoni ya sehemu kubwa ya dunia itarudi kiwango cha mwaka 1980 karibu na 2040, na ya Antaktika karibu na 2066. Nairobi nayo imo kwenye kazi ya kupima: tangu miaka ya 1990 hurushwa hapo maputo yenye kifaa cha ozoni.

Vimondo huungulia wapi?

Vingi kwenye tabakameso na sehemu ya chini ya tabakajoto. Hewa ya huko ni hafifu mno kwa mtu kupumua, lakini kijiwe kinachokuja kwa makumi ya kilomita kwa sekunde kinaibana mbele yake mpaka inawaka.

Tabakajoto lina nyuzi zaidi ya 1,000. Vyombo vya angani haviyeyuki?

Haviyeyuki. Joto ni mwendo wa molekuli, na huko kila molekuli inakimbia kwelikweli, ila ziko chache mno kiasi kwamba hazina nguvu ya kukuunguza. Cheche ya kiberiti ina joto kuliko sufuria ya uji. Ipi ungependa ikumwagikie?

Tabaka hili linagusa maisha kwa njia ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Mionzi ya jua hung'oa elektroni kwenye molekuli za huko, na hewa yenye umeme huo hurudisha mawimbi ya redio chini kama kioo. Mchana, sehemu ya chini ya eneo hilo huyameza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama sehemu hiyo hutoweka, mawimbi yanapanda hadi kwenye kioo cha juu na kurudi mbali sana. Ndiyo maana ulikuwa ukitega redio usiku unapata stesheni ya nchi ya tatu, na asubuhi imepotea.

Pwani ya Kenya nayo imechangia kulifahamu tabaka hili. Kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Waitalia walirusha setelaiti ya San Marco 2 tarehe 26 Aprili 1967. Kazi yake ilikuwa kupima jinsi hewa hafifu ya huko inavyoisukuma, na kutokana na msukumo huo kukokotoa hewa ni nzito kiasi gani. San Marco 3 ikafuata mwaka 1971, ikapima na aina za gesi zenyewe.

Anga za juu zinaanzia kilomita ngapi?

Mpaka unaotumiwa zaidi ni kilomita 100. Ni makubaliano ya watu, hakuna kibao. Barabara ya Morogoro ikisimamishwa wima, ungefika huko kabla basi halijakufikisha Chalinze. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 400 hivi, na hata huko kuna hewa ya kutosha kukivuta chini, kwa hiyo hulazimika kuinuliwa kila baada ya muda.

Kaboni dioksaidi ni sumu?

Kwa kiasi kilichomo hewani, hapana. Ikijikusanya, inaua, na Waswahili wa Kongo wamelipa hilo jina ambalo sasa wanajiolojia wa dunia nzima wanalitumia: mazuku. Kuzunguka Goma, chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, gesi hii hutoka kwenye nyufa za ardhi. Kwa kuwa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hujaa kwenye mabonde na mashimo kama maji yasiyoonekana, hasa usiku kusipokuwa na upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi lolote huku mbuzi aliye miguuni pake akianguka. Ikifika asilimia 10 mtu huzimia kwa dakika chache. Kule Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitapika kaboni dioksaidi iliyokuwa imeyeyuka kwenye kina chake na watu wapatao 1,700 wakafa. Ziwa Kivu lina gesi ya namna hiyo nyingi zaidi, pamoja na methani ambayo Rwanda inaivuna kuzalisha umeme.

Gesi hiyo hiyo ndiyo inayotoa povu kwenye soda. Kule Kyejo, wilayani Rungwe, Tanzania, inatoka ardhini yenyewe na kujazwa kwenye mitungi.

Tatizo jingine ni la polepole. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa 315 katika milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa karibu 280. Mtu huniuliza: kitu kisichofika hata sehemu moja katika elfu mbili kitabadili nini? Naitrojeni na oksijeni haziyazuii mawimbi ya joto yanayotoka ardhini, yanapita tu. Kati ya gesi zisizobadilika siku kwa siku, mzuiaji mkubwa ni huyu mdogo, na tumemwongeza kwa nusu nzima ya alivyokuwa.

Kulala chini ya mti usiku kunaua?

Hapana. Mti hupumua usiku kama mimi na wewe, lakini kiasi chake ni kidogo na uwanja hauna kuta. Mtu aliyelala karibu nawe naye anatoa kaboni dioksaidi, na humwogopi. Kinachoua kweli ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200. Kuungua kwa mkaa bila moshi hakumaanishi kwamba ni salama. Nimesikia mtu akisema "lakini mkaa umeshakolea", kana kwamba ndipo hatari inapokwisha.

Misitu ikikatwa, oksijeni itatuishia?

Sababu za kutokata misitu ni nyingi, hii si mojawapo. Msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitoa, kupitia kupumua kwa miti yenyewe na kuoza kwa majani. Akiba tunayovuta ilikusanywa kwa muda mrefu mno, ikianzishwa na bakteria wa majini waliojifunza kutumia mwanga wa jua. Ilianza kubaki hewani miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita. Kwa kuchoma mafuta na makaa tunaipunguza molekuli kama 4 katika milioni kila mwaka, kutoka kwenye molekuli 209,500. Fanya hesabu, utaona mafuta yataisha kwanza.

Hewa inaweza kuvuja na kwenda zake angani?

Gesi nyepesi huvuja. Hidrojeni na heli zikifika tabakanje, baadhi ya molekuli hukimbia kiasi cha kuushinda mvutano wa dunia, na hazirudi. Heli inayotoroka hufidiwa na ile inayozalishwa chini ya ardhi, metali za urani na thori zinapooza ndani ya miamba mikongwe. Kwa kawaida inapenya kidogo kidogo hadi hewani, lakini mahali pachache hunaswa njiani. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, lina heli nyingi, iliyofunguliwa kutoka kwenye miamba na joto la volkano. Mashine za hospitali za kupiga picha kwa sumaku huihitaji ikiwa imepozwa kuwa kimiminika, na haina mbadala wa karibu. Zile baluni za harusini nazo hujazwa heli. Mtoto akiachia uzi, baluni hupasuka juu huko, na heli yake huanza safari ya kutoka duniani.